Nyumba ya Kamba

Kile kiwanja, ukikiona mara ya kwanza, ungedhani ni kichochoro cha kupitia kwenda kwa jirani. Kulia ukuta wa watu, kushoto ukuta wa watu, na katikati ndicho hicho, kirefu, chembamba, kimekaa tu kama kilisahauliwa siku wenzake walipokuwa wakipimwa. Watu wa mtaa walishakizoea hivyo. Waliegesha baiskeli, walianika nguo, na wengine, tusifichane, walitupa taka. Siku habari zilipovuma kwamba kimenunuliwa, na kwamba mnunuzi ni Pindo, yule fundi cherehani anayeshonea barazani kwa muuza taa, mtaa ulicheka mpaka ukashika mbavu.

"Anajenga nyumba au anajenga foleni?" waliulizana.

Pindo hakuwajibu. Si kwamba hana mdomo. Mdomo anao, waulize wateja wanaokuja kudai nguo kabla ya siku yake. Ila kwa jambo hili hakuona cha kujibu, maana maisha yake yote ya kazi ndivyo anavyoletewa: kitambaa kisichotosha na mtu anayetaka makubwa. Mteja anakuja na kipande cha kushonea blauzi, anataka gauni refu, la mikono mirefu, tena liwe na mfuko. Fundi mwingine atakwambia rudi dukani. Pindo anakitandaza mezani, anakizunguka, anakigeuza upande huu na ule, halafu unasikia mkasi. Jioni gauni linatoka na mfuko wake. Jina lenyewe alilipata hivyo, kwa sababu hakuna kipande anachoweza kukitupa kabla hajaona kama hakiwezi kuwa pindo la kitu fulani. Basi kiwanja alikitazama kwa macho hayo hayo, na moyoni akasema, hiki kinatosha, ni kukipanga tu.

Wakati huo walikuwa wanaishi kwenye chumba cha kupanga. Kimoja. Lakini ukiingia usiku ungesema ni vinne, maana Pindo alikuwa amekikata kwa mapazia aliyoyashona mwenyewe. Nyuma ya pazia la buluu ndiko alikolala yeye na mumewe, dereva wa lori, mtu wa kuja leo na kesho yuko njiani. Nyuma ya la maua walilala mabinti zao wawili, mkubwa aliyeingia umri wa kununa na mdogo ambaye kununa alikuwa bado hajakujua. Na kwenye kona, nyuma ya pazia la kijani, alilala Bibi, mama mzazi wa yule dereva. Asubuhi mapazia yote yanavutwa kando, chumba kinakuwa sebule. Mtu akitaka kubadilisha nguo anavuta lake. Ndivyo walivyoishi miaka yote ile, na kwa Pindo ukuta ulikuwa kitu cha namna hiyo: unaufua, unauanika, unaurudisha. Hili liweke akilini, maana ndilo lililokuja kumponza.

Bibi alikuwa amekula chumvi nyingi na macho yalikuwa yanamuaga. Kwanza alikosa kuona sindano, halafu akakosa uzi, halafu akawa anamsalimia mtu wa jirani akidhani ni mwanawe. Daktari alisema hakuna cha kuirudisha ile nuru, dawa ni za kuichelewesha tu isiondoke mbio. Siku hiyo waliporudi, Bibi alivua viatu akasema, "Basi nijengeeni haraka, niione nyumba yangu kabla sijazimiwa taa." Akacheka peke yake.

Nyumba yangu! Hakuwahi kutamka neno hilo. Tangu alipofiwa na mumewe alikuwa mtu wa kuzungushwa, mara kwa mtoto huyu, mara kwa yule, akilala kwenye makochi yao, na lile begi lake hakuwahi kulifungua likaisha. Pindo alimpenda mama mkwe wake. Tena hakumpenda kwa adabu tu, alimpenda kwa dhati, kwa sababu siku alipoolewa hajui hata kupika uji, Bibi alimfunika. Alikuwa akija jikoni akijifanya anatafuta kiberiti, anachungulia sufuria, anaongeza maji, anaondoka, na mezani anamsifia mkamwana. Mtu kama huyo unamsahauje?

Kwa hiyo mpango ukaanza. Pindo alikusanya vipande vya vitambaa vilivyobaki, akavikata viwe vyumba, akavitandaza sakafuni: cheki sebule, buluu chumba cha wazazi, maua cha mabinti, kijani cha Bibi, kahawia jiko, nyeupe bafu na choo. Vyote vinafuatana, kimoja nyuma ya mwenzake, kama mabehewa, na ubavuni korido moja ndefu ya kupitia, kutoka mlango wa mbele mpaka nyuma kabisa. Alivisogeza, akavipanga upya, akavisogeza tena. Alikuwa akishona barazani mguu uko kwenye cherehani, lakini mwenyewe yuko kule koridoni, anatembea taratibu, anachungulia vyumba. Mteja anamsemesha, hasikii. "Pindo! We Pindo, umelala?" Anashtuka, anajikuta ameshona shingo ya shati ikaziba.

Kati ya chumba cha Bibi na jiko alikuwa ameweka kipande kidogo cha kijivu. Binti mdogo alipouliza ni nini, Pindo akajibu upesi, "Stoo." Hakuna aliyeuliza zaidi. Nyumba ina stoo, sasa hapo kuna la kuuliza?

Haikuwa stoo. Nakwambia wewe kwa sababu mwenyewe hakumwambia mtu. Kile kilikuwa chumba chake. Pindo alikuwa ameshonea barazani miaka na miaka, kila mpita njia anamshika kitambaa, kila mwenye domo anakaa kwenye benchi lake, mvua ikidondoka anakokota mashine ndani kwa mwenye duka huku anaomba radhi. Kuna siku kuku wa mtu alitagia juu ya gauni la bibi harusi. Alikuwa anataka mlango. Aingie, aufunge, akae dirishani, ashone au asishone, na katika saa hiyo asiwepo mtu wa kuita mama fulani wapi chumvi. Alikiota chumba hicho mpaka alikijua harufu. Lakini utalitamkaje jambo hilo? Mke wa mtu, mama wa watoto, unataka chumba cha peke yako ukae ufanye nini? Watu watauliza mmegombana. Mumewe atauliza amekosa nini. Basi alikiita stoo, akanyamaza nacho.

Jumapili ya kwanza walikwenda kiwanjani wote, na kamba, vigingi, mkeka na chupa ya chai. Walizoa taka, wakang'oa majani, na Pindo akaisoma ile ramani yake ya vitambaa huku dereva akigonga vigingi. Wakafunga kamba. Palipo na mlango wakaacha wazi. Walipomaliza walisimama nje barabarani wakaitazama. Jamani, ilikuwa nyumba! Nyumba ya kamba za manila, urefu wa goti, lakini nyumba.

"Karibuni," alisema Pindo.

Kuanzia hapo kila Jumapili walihamia kule kuanzia mchana mpaka jua linapokuchwa. Sheria ilikuwa moja: hakuna kuruka kamba. Mwenye kutaka kuingia apite mlangoni, tena apige hodi. Dereva, kama hana safari, aligeuza ndoo akaketi sebuleni akitazama mahali itakapokaa televisheni. "Unaangalia nini?" mkewe anamuuliza. "Taarifa ya habari. Nyamazeni." Sebule aliipenda huyo! Ndiyo ilikuwa kubwa kuliko vyote, na alishawaahidi madereva wenzake wote kwamba watakuja kukaa wasinzie humo. Binti mkubwa alikuwa akiudhiwa anakwenda chumbani kwake, anageuka, anausukuma mlango usiokuwepo, na mdogo wake akipiga hodi hajibu. Watu wa mtaa walikuja kutazama kichekesho, wakasimama nje, na mmoja mmoja nao wakaanza kusema hodi.

Mchana wa namna ile ulikuwa mtamu mno. Pindo alijilaza chumbani kwao bila paa, anga limemfunika, ukimya wa mchana umetanda, na akisinzia kidogo alisikia mvua juu ya mabati ambayo hayakuwahi kununuliwa. Alisikia sufuria jikoni. Akifumbua macho ni vumbi na kamba, lakini hakuhuzunika, alifumba tena akarudi ndani. Wakati mwingine alikwenda akasimama kwenye kile kijichumba cha kijivu, mgongo amewapa wenzake, akijifanya anapima. Jirani wa upande ule ukuta wake ni mfupi, mwanga ulikuwa ukimwagika juu yake na kumfikia mikononi. Hapo hata kusonga hakutaka.

Na Bibi alikuwa akijifunza nyumba. Hakuna aliyemwagiza. Alianzia mlango wa mbele, mkono wa kushoto umeelea hewani juu ya kamba, akapita sebule, akapita kwa wazazi, akapita kwa wajukuu, akaingia kwake. Akageuka. Akafika kitandani, yaani palipokuwa na mkeka, kichwa ukutani na miguu upande wa ile inayoitwa stoo. Akajilaza, akajinyoosha, akaamka, akaenda chooni, akarudi. Mara ya kwanza alishikwa mkono. Baadaye akasema niacheni. Baadaye kabisa alifanya macho yamefumbwa.

"Mbona unafumba, Bibi, na bado unaona?" mjukuu mdogo alimuuliza.

"Nataka miguu ijue kabla macho hayajaniambia kwaheri," alisema Bibi. "Siku hiyo ikifika nisimsumbue mtu. Nitakuwa kwangu."

Pindo alisikia, akainamia chupa ya chai kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji kumimina chai.

Haya. Ilipofika wiki ya kuchimba msingi, akaitwa fundi mwashi, mtu wa makamo anayeitwa Taratibu kwa jinsi anavyoongea. Alikuja Jumamosi, akaizunguka nyumba ya kamba, akatikisa kichwa kwa kuipenda, akasema imepangwa vizuri kweli. Halafu akasimama kati ya chumba cha wazazi na cha mabinti, akaitazama kamba.

"Na ukuta?" aliuliza.

"Ukuta si huo?" Pindo alionyesha kamba.

"Hii ni kamba, dada. Nauliza ukuta wenyewe. Tofali lina unene wake, na lipu huku, na lipu kule. Hapa umempa nani nafasi ya kusimama?"

Taratibu akaanza kucheka, kicheko chake nacho cha polepole. "Wewe fundi mzima! Hata fulana ya mtoto unaiachia nafasi ya mshono, nyumba hukuiachia?"

Ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke aliyeishi na mapazia alikuwa amejenga nyumba ya mapazia. Dereva alicheka, mabinti walicheka, na Pindo mwenyewe akacheka, maana lilikuwa la kuchekesha. Taratibu akachukua kamba zake, akafunga ya pili pembeni ya kila ya kwanza, kuacha unene wa ukuta, akianzia mbele kwenda nyuma. Kila ukuta ulikula kidogo tu, kama shubiri. Lakini kuta zilikuwa nyingi, na kila chumba kikasogea kidogo kumpisha mwenzake, na mwisho wa kiwanja ulikuwa ukuta wa watu usiosogea. Alipofika jikoni akasimama, akahesabu kwa vidole.

"Stoo tunaitoa," alisema. "Ndiyo imeliwa. Vingine vyote vinabaki vilivyo."

"Itoke," alisema dereva. "Stoo ya nini, sisi tuna vitu gani vya kuweka?"

Wakacheka tena. Taratibu aling'oa kigingi cha kijichumba kile, akakifuta udongo kwenye suruali, akampa Pindo akishike. Pindo akakishika. Alicheka na wenzake, ndiyo, alicheka mpaka mwisho, lakini ndani moyo ulikuwa umeshuka ukakaa chini. Hakuna aliyemwonea. Wangemwoneaje, na hawakujua kilichokuwepo? Mtu huwezi kulilia stoo.

"Kesho pumzikeni," alisema Taratibu akiondoka. "Keshokutwa asubuhi nakuja na watu, tunachimba kamba zilipo. Zikishachimbwa hizo, dada, hakuna kufumua."

Usiku ule hakulala vizuri, na Jumapili asubuhi alisema anakwenda mara moja kuchukua vifungo kwa mteja. Alikwenda kiwanjani. Barabara ilikuwa tupu, watu bado wako majumbani mwao. Alipita mlango wa mbele, kwa adabu zote, akafuata korido mpaka nyuma. Akasimama palipokuwa pake, sasa ni jiko.

Nitakuambia alichofanya kama kilivyo, wala sitampaka rangi. Aling'oa vigingi vya ukuta wa Bibi, ule wa upande wa jiko, akausogeza ukuta ndani ya chumba cha Bibi. Kutoka jikoni akakata kidogo. Akabana huku, akabana kule, kikapatikana kijichumba cha kuingia mashine, kiti na mtu asiyenenepa. Na alipokuwa akigonga vigingi alikuwa akijisemea, maneno yakimtoka kwa sauti: Bibi ni mfupi. Bibi hana vitu, ana begi moja. Bibi haoni, hatajua. Hilo la mwisho aliposikia linamtoka mdomoni alisimama na jiwe mkononi. Kisha akagonga.

Mchana wakaja wote. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya nyumba ya kamba, wakaichangamkia kama watu wanaoaga. Dereva akakaa na ndoo yake. Binti mkubwa akamkaribisha mdogo wake chumbani, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kamba zilikuwa maradufu sasa, hakuna aliyegundua kitu. Pindo alikaa jikoni akikata mkate, na kisu kilikuwa hakikati vizuri.

Bibi aliingia mlango wa mbele, macho amefumba. Akapita sebule. Akapita kwa wazazi, akapita kwa wajukuu, mkono unaelea, akaingia kwake. Akageuka, akainama, akapapasa mkeka. Akaweka kichwa upande wa ukuta, kama kawaida, akaanza kujinyoosha.

Kisigino chake kikagusa kamba. Kamba ikatetemeka mpaka kigingini.

Bibi alitulia. Akaurudisha ule mguu taratibu, akauleta na wa pili, akakunja magoti, akajigeuza ubavu. Akavuta khanga mpaka mabegani.

"Pazuri," alisema. "Pamenikaa."

"Bibi, mbona umejikunja?" aliuliza yule mdogo.

"Nasikia baridi, mjukuu wangu."

Na jua lilikuwa linawaka jamani! Jua la mchana kati, mtu anahema! Pindo alikuwa na kisu mkononi, akakiweka. Aliona ile khanga, na ule mgongo, na yale magoti mawili yaliyokunjwa kwa ustadi wa mtu aliyekunja magoti kwenye makochi ya watoto wake wote, asimguse mwenye nyumba, asiombe zaidi. Hakuwa ameuliza hata kamba imesogea vipi. Alikuwa ameshajipima, akajipunguza, akashukuru.

Pindo alitoka jikoni. Hakupita mlangoni, aliruka kamba, na mabinti wakapiga kelele, "Mama! Ukuta!" Alipiga magoti, akashika kigingi kwa mikono miwili, akaking'oa.

"Mama watoto, unafanya nini?" Dereva aliinuka kwenye ndoo. "Fundi kesho anachimba hapo!"

"Nilisogeza mimi."

"Ulisogeza nini?"

"Ukuta wa mama. Nilikuja asubuhi, nikausogeza. Vifungo vilikuwa uongo."

Mumewe alimtazama bila kuelewa. "Kwa sababu gani?"

"Nilitaka stoo."

"Stoo si tuliitoa? Mwanamke, stoo ndiyo ya kumminyia mama?"

"Haikuwa stoo!" Alilia sasa, kilio cha mtu mzima, kisicho na urembo. "Haikuwa stoo hata siku moja. Kilikuwa changu. Nilitaka chumba changu mimi, nina mlango, nakaa mwenyewe. Haya, nimesema. Nichekeni."

Hakuna aliyecheka. Dereva alionekana kama mtu aliyekanyagwa mguu na hajui amkemee nani. "Na kile chetu?" alisema kwa sauti ndogo. "Chetu kina nini?"

"Chetu hakina kitu. Chetu nakipenda. Lakini wewe una lori." Pindo alifuta uso kwa kiganja chenye udongo. "Unaingia, unafunga mlango, uko peke yako na barabara. Mimi sijawahi kufunga mlango, baba watoto. Mimi nafunga pazia."

Bibi alikuwa ameketi. Alipapasa mbele yake mpaka akampata mkamwana kwenye bega, akamshikilia hapo. Pindo akaanza kusema nisamehe mama.

"Ungesema," alisema Bibi.

"Niliona haya, mama."

"Sikiliza. Mimi kujikunja nimeanza kabla yako, na sasa nimezeeka nako, hata siumwi. Lakini nisije nikalala chumba changu huku najua wewe ndiye umejikunja upande wa pili. Huo usingizi utanipitia wapi?" Alimtikisa bega kidogo. "Usianze, mwanangu. Ukishaanza hutanyooka."

Walikaa hivyo. Vumbi lililoinuka kwa kigingi lilikuwa likishuka polepole kwenye mwanga, na mtaani mtu alikuwa akiita mtu kwa mbali. Halafu Bibi akageuza uso upande wa mbele ya nyumba.

"Na wewe, baba. Hiyo sebule yako inaanzia wapi inaishia wapi?"

"Mama, sebule ni ya wageni."

"Wageni gani?"

"Wenzangu. Madereva."

"Wanalala safarini kama wewe. Nani atakaa humo, ndoo?"

Binti mkubwa, aliyekuwa amenuna tangu mwezi uliopita, alipasuka kicheko. Dereva alimkazia macho, akaitazama sebule yake, akatazama pale penye televisheni. Alikaa hivyo kwa muda, akiiaga, naona. Kisha aliinua ndoo akaiweka karibu kabisa na mlango wa mbele, akachukua kigingi na jiwe, akaja mpaka katikati ya sebule.

"Njoo," alimwambia mkewe. "Hapa kuna mwanga. Na wateja hawatapita jikoni. Kiasi gani?"

"Kiasi gani nini?"

"Chumba chako. Nikate kiasi gani?"

"Na ukumbuke unene wa ukuta," alisema binti mkubwa.

Pindo alisimama pale, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni. Yeye ndiye aliyejua kiuno cha kila mwanamke wa mtaa ule na kifua cha kila mwanamume, anayekutazama unapita akajua utahitaji kitambaa gani. Aliushika utepe, akauachia. Hakujua. Hakuna aliyewahi kumuuliza, na kile cha kijivu alikuwa amekikata kwa masalio tu, kilichobaki baada ya watu wote kupata.

Mwishowe aliinua mikono, mmoja ukielekea barabarani na mwingine nyuma, akasimama hivyo akiona aibu. Mumewe alikuja akaweka kigingi kwenye ncha ya kidole cha mkono mmoja, akagonga, akaanza kuzunguka kwenda wa pili.

"Anafanyaje?" aliuliza Bibi kutoka chumbani kwake.

"Amenyoosha mikono, Bibi," alisema yule mdogo. "Baba anampima."

"Ameinyoosha yote?"

Mtoto alimsogelea mama yake, akamkagua kwa makini, mkono huu, kisha ule.

"Hapana. Amekunja kidogo."

"Mwambie anyooshe," alisema Bibi.

Pindo akanyoosha.